Sauti ya Babu na Diski Ndogo

Msomaji, ukipata siku moja kuifunua kompyuta ya mezani, nawe umeruhusiwa na mwenyewe, itazame kwa utulivu kabla ya kugusa kitu. Utaona ubao mpana, wa kijani au mweusi, umesimamishwa upande mmoja wa sanduku, umejaa vijumba na vinjia kama mji utazamwao kutoka juu ya mnara. Huo ndio ubao mkuu wa mashine, ambao mafundi huuita madabodi. Kila kilicho ndani ya sanduku kimeshikamana nao, ama kwa waya, ama kwa kuchomekwa katika mianya mirefu myembamba iliyopangwa sambamba kuelekea nyuma. Mianya hiyo huitwa ya nyongeza, kwa kuwa mwenye mashine aweza kuongeza humo kiungo ambacho mashine haikuzaliwa nacho. Nataka kukusimulia habari za kiungo kimoja nilichojaribu kukiongeza mwaka 2022, na hasara iliyonipata kwa sababu nilijua kukichomeka kabla sijajua kukisoma.

Yafaa nianze na mali iliyokuwa hatarini. Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa majahazi katika kijiji cha Matondoni, kisiwani Lamu. Hakusoma shule, lakini kipimo chake kilikuwa machoni: alitazama gogo lililopinda, akajua litakuwa taruma la upande gani wa chombo. Tangu mwaka 2014 hata 2018, kila likizo ya Agosti na ya Desemba, niliketi naye barazani, au pwani penye chombo kilichokuwa kikiundwa, nikinasa maneno yake kwa kinasa sauti kidogo. Alinitajia viungo vya jahazi na kazi ya kila kimoja, tangu mkuku ulio chini kabisa hata foromali ishikayo tanga. Alinieleza jinsi ya kuchagua mti, jinsi ya kupiga misumari, na jinsi ya kukalafati, yaani kuziba nyufa za mbao kwa pamba na mafuta ili maji yasipenye. Mara nyingine aliacha habari za jahazi akanieleza nani alimposa nani, na kwa nini posa ile ilikataliwa, na hayo nayo niliyanasa. Rekodi zikafika 63. Mwaka 2019 babu akafariki dunia. Rekodi zote zilikuwa ndani ya kompyuta yangu, wala nakala nyingine sikuwa nayo mahali popote. Usinihukumu bado, msomaji. Ngoja nifike mbele.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mtumba. Iliundwa mwaka 2012, ikatumika ofisini ng'ambo, kisha ikaletwa Mombasa na kuuzwa kwa bei ambayo mwalimu aliweza kuimudu. Diski yake ilikuwa ya namna ya zamani, yenye sahani zizungukazo mara 7,200 kwa dakika, na kichwa kidogo kinachoelea juu ya sahani kikisoma na kuandika pasipo kuzigusa. Ni kazi ya ajabu kweli. Diski ya kwanza ya aina hiyo ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa futi mbili, nayo ilikuwa kubwa kama kabati la nguo, na bado uwezo wake ulikuwa herufi milioni 5 tu. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya leo yaweza kuijaza. Wajukuu wa kabati lile wamekuwa wadogo hata kuenea kiganjani, lakini wamerithi ila moja ya ukoo: kila kizungukacho huchakaa. Mwishoni mwa mwaka 2021 diski yangu ilianza kulia, tak, tak, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha. Faili iliyokuwa ikifunguka mara moja sasa ilinipa nafasi ya kunywa chai kikombe kizima.

Nilijua maana ya mlio ule. Mtu asikiaye paa la nyumba likipasuka huwatoa watoto nje kwanza. Mimi niliwaacha watoto ndani, nikaenda kutafuta nyumba mpya.

Nyumba niliyoitaka ni ile diski iitwayo SSD, isiyo na kitu kinachozunguka. Huhifadhi habari kwa chaji za umeme zilizofungiwa ndani ya vyumba vidogo mno vya silikoni, na chaji hizo hubaki mahali pake hata mashine inapozimwa. Mjapani Fujio Masuoka, aliyekuwa katika kampuni ya Toshiba, ndiye aliyeueleza ufundi huo hadharani mwaka 1984. Zamani kidogo diski hizi ziliuzwa ndani ya kijaluba cha bati au plastiki. Siku hizi aghalabu ni kijiti kitupu, chembamba, chenye vipande vyeusi mgongoni, nacho huitwa M.2. Upana wake ni milimita 22, na kilicho kikubwa kwa kuenea madukani kina urefu wa milimita 80, ndiyo sababu huandikwa 2280. Wako ndugu zake wafupi, 2230 na 2242, na mmoja mrefu, 22110. Ukikiweka juu ya kidole cha shahada hukisikii uzito.

Mwisho mmoja wa kijiti hicho una safu ya meno ya rangi ya dhahabu, na katika safu hiyo mna pengo. Lishike neno hilo, msomaji, kwa kuwa ndilo lililonitesa. Pengo likikaa karibu na upande mmoja huitwa kwa herufi B. Likikaa karibu na upande wa pili huitwa kwa herufi M. Mwanya nao una kigingi kidogo mahali pa pengo, ili kijiti kisichofaa kikatae kuingia. Mtu husema basi, kilichoingia ndicho kifaacho. La, sivyo. Viko vijiti vyenye mapengo yote mawili, na hivyo huingia katika mwanya wa B na katika mwanya wa M pia.

Tena umbo ni jambo moja na lugha ni jambo lingine. Vijiti vya M.2 huzungumza na mashine kwa njia mbili zisizopatana. Njia ya kwanza ni SATA, iliyotengenezwa kwa ajili ya diski zizungukazo. Mwendo wake kwa diski iliyo bora ni kama megabaiti 550 kwa sekunde, wala hauzidi hapo sana. Njia ya pili ni PCI Express, ambayo ndiyo njia ya ile mianya mirefu niliyokuonyesha mwanzo. Hiyo hugawanywa katika njia ndogo ndogo zilizo sambamba. Kijiti hutumia nne, na katika kizazi chake cha tatu kila moja hupitisha karibu megabaiti 1,000 kwa sekunde. Ili diski ziweze kufaidi upana huo zilitungiwa lugha yake maalum, iitwayo NVMe, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2011. Kijiti cha SATA na kijiti cha NVMe hufanana kama mapacha waliovishwa nguo za kitambaa kimoja. Aliyewazaa tu ndiye awezaye kuwatofautisha kwa kuwatupia jicho. Sisi wengine hatuna budi kusoma karatasi iliyobandikwa mgongoni.

Mashine za siku hizi huwa na mwanya wa M.2 juu ya ubao mkuu wenyewe, na hata huko yafaa kusoma kijitabu, kwa maana mwanya mwingine hukubali lugha moja tu, na mwingine ukiutumia huizima mojawapo ya soketi za diski nyingine. Mashine yangu, kwa umri wake, haikuwa na mwanya huo kabisa. Dawa ya mashine kama hiyo ni kadi ndogo isiyo na akili yoyote: upande wa chini ina meno ya kuingia katika mwanya wa nyongeza, na juu yake umelazwa mwanya wa M.2. Kazi yake ni kuunganisha waya na waya tu. Bei yake ni shilingi mia chache.

Basi Januari 2022 nikaenda mjini kununua kadi na kijiti. Nilimwuliza mwenye duka kama kijiti kile kitakubali. Akanijibu, "Mwalimu, hizi zote ni moja." Nami nikaridhika, kwa kuwa jibu fupi hupendeza sikio la mtu mwenye haraka.

Jioni ile nilifanya kila jambo kwa adabu. Nilizima mashine, nikachomoa waya wa umeme ukutani, nikagusa bati la sanduku ili umeme uliotulia mwilini mwangu usije ukakiunguza kijiti. Hayo yote ni sahihi nawe uyafuate. Nilikiingiza kijiti kwa mshazari, kikiwa kimeinuka kidogo, nikakisukuma hata meno ya dhahabu yakakaribia kumezwa, nikakilaza, nikafunga skrubu iliyo ndogo kama punje ya mchele. Skrubu hiyo iliniponyoka mara mbili. Mara ya pili ilianguka ndani ya sanduku, nikaitafuta kwa tochi kwa muda ambao sitautaja. Kisha kadi. Mwanya mfupi ulio karibu ulikuwa umefungwa mwisho wake, kadi isingeenea. Nikaitia katika mwanya mrefu, ambao kadi fupi huruhusiwa kukaa. Kila kitu kiliingia barabara. Niliwasha mashine.

Mashine haikukiona kijiti. Diski ya zamani ilionekana, ikilia tak, tak. Diski mpya haikuwapo kana kwamba sikununua kitu. Nikazima, nikachomoa, nikachomeka tena. Nilifanya hivyo jioni tatu. Nikahukumu kwamba kadi ni mbovu, nikanunua nyingine, hiyo nayo ikawa vile vile. Kisha mitihani ikaja, nikawa na madaftari ya kusahihisha, na kila nilipoitazama mashine nilijiambia kwamba Jumamosi nitaishughulikia. Jumamosi zilipita kumi. Jambo la aibu ni kwamba katika mtoto wa meza ile ile ilikuwamo flashi yenye alama za wanafunzi wangu, nafasi tele, na haikunipitia moyoni kuitumia kuhifadhi sauti ya babu. Alama nilizikopi mahali pawili. Mkuu wa shule angeniuliza habari za alama. Habari za babu hakuna ambaye angeniuliza.

Mwezi wa Aprili alikuja kututembelea mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyekuwa akingoja kuingia Kidato cha Tatu. Alinipa shikamoo, akaliona sanduku limeachwa wazi, akaomba kukitazama kijiti. Nilimpa, nusu kwa kumfurahisha. Alikipeleka chini ya taa, akakigeuza, akasoma, akanyamaza kidogo kama afanyavyo mtoto aliyelelewa vizuri anapomwona mkubwa amekosea.

"Mjomba," akasema, "hiki kina mapengo mawili."

"Naona," nikamjibu, "na kinaingia vizuri."

"Naam, mjomba, kinaingia. Lakini hapa pameandikwa SATA. Na kadi hii imekuletea waya za PCI Express tu. Kimeingia mahali ambapo hakuna anayekisikia."

Nilitwaa miwani. Neno lilikuwapo, limechapwa kwa herufi ndogo lakini zisizo na siri, na lilikuwapo tangu Januari. Alinionyesha zaidi: kumbe kadi nyingine huwa na soketi ya pembeni, ambamo waya wa SATA huchomekwa na kupelekwa kwenye soketi ya SATA ya ubao mkuu, kwa kadi ya namna hiyo kijiti changu kingaliamka jioni ile ya kwanza. Kijiti hakikuwa kibovu, wala kadi haikuwa mbovu, na sidhani kama mwenye duka alikusudia kunidanganya. Kisha akauliza swali ambalo mimi mwenyewe sikujiuliza.

"Na sauti za babu, mjomba, umeziweka wapi pengine?"

Sikumjibu. Yeye naye hakurudia swali. Alitazama tu lile sanduku lililokuwa likilia.

Nilikumbuka usiku ule kwamba babu alipokuwa akiunda chombo hakupiga msumari siku ile ile aliyouweka ubao mahali pake. Aliuweka, akautazama kwa ndani, akautoa, akauchonga kidogo, akauweka tena. Mimi nikiwa kijana nilimwambia, "Babu, ubao umeshaingia." Akaniambia, "Mjukuu wangu, kuingia si kukaa. Bahari ndiyo itakayoniambia kama umekaa, na mimi sitaki kungoja kuambiwa na bahari." Maneno hayo yamo katika rekodi mojawapo, na namshukuru Mungu kwamba ni mojawapo ya zilizopona.

Siku ya pili tulikwenda mjini pamoja. Nilipata kijiti cha NVMe, chenye pengo moja la M, na safari hii mpwa wangu alikisoma mgongo kabla sijatoa fedha. Tulikichomeka, na mfumo wa Linux, niliokuwa nikiutumia kwa kuwa ni wa bure na hauichoshi mashine kuukuu, ukakitambua mara moja. Lakini taabu moja ilibaki, nayo yafaa uijue kama una mashine ya umri wa yangu. Kila kompyuta ina programu ndogo iliyochapwa ndani ya ubao mkuu, ambayo ndiyo huiamsha na kuionyesha diski ya kuanzia kazi. Programu ya mashine yangu iliandikwa kabla lugha ya NVMe haijaenea, hivyo haikuweza kuamkia katika kijiti. Tuliizunguka taabu hiyo kwa kuweka sehemu ya kuanzia katika flashi ndogo iliyochomekwa nyuma ya sanduku. Mashine huamkia hapo, na Linux ikishasimama kwa miguu yake huongoza yenyewe hata kwenye kijiti. Tena mwanya wangu ni wa kizazi cha pili cha PCI Express, ambacho njia zake nne hazipiti megabaiti 2,000 kwa sekunde, kwa hiyo kijiti hakikimbii kama kiwezavyo. Jambo hilo halikuninyima usingizi.

Kilichoninyima usingizi ni kunakili. Tulianza baada ya sala ya isha. Rekodi arobaini za kwanza zilihama kwa amani. Kisha mlio ukabadilika, ukawa wa haraka, na mashine ikakwama. Mpwa wangu alileta programu iitwayo ddrescue, ambayo huziokoa kwanza sehemu zilizo nzima, ikiziruka zile zilizoharibika, halafu huzirudia hizo kwa subira. Tuliiacha ikirudia usiku kucha, nami nikiwa nimeketi kitini kama aketiye wodini. Kabla ya adhana ya alfajiri diski ilinyamaza, na tangu hapo haijazunguka tena.

Kati ya rekodi 63 zilitoka 58 zikiwa nzima. Mbili zilitoka nusu. Tatu hazikutoka kabisa. Nilizitambua zilizopotea kwa tarehe zake: zote ni za Agosti 2017, siku ambazo babu alinieleza kazi ya kalafati, jinsi pamba inavyosokotwa, inavyotiwa mafuta, na jinsi sikio la fundi linavyojua kwa mlio wa nyundo kwamba ufa umeshiba. Yamkini zingalikuwapo hata leo kama jioni ile ya Januari ningaliitoa flashi katika mtoto wa meza, kazi ya dakika kumi.

Kile kijiti cha kwanza nilikinunulia kijaluba chenye soketi ya SATA, nikakiunganisha kwa waya, na sasa kinafanya kazi vizuri sana. Ndani yake mna nakala ya pili ya rekodi zote. Nakala ya tatu anayo mpwa wangu. Diski hizi zisizozunguka nazo zina kifo chake, na kifo chake hakibishi hodi.

Mwaka uliofuata nilikwenda Matondoni nikawauliza mafundi habari za kalafati. Walinieleza kwa ukarimu, kila mmoja kwa njia yake, nami nimewanasa wote. Hakuna aliyeizungumzia kama babu. Moja ya zile rekodi za nusu huanza na sauti ya nyundo na watoto wakipita; babu anakohoa, anasema, "Sasa, mjukuu wangu, pamba hii usiitie kabla," kisha kunakuwa kimya kwa dakika nne na sekunde kumi na moja, mpaka mwisho wa faili. Mpwa wangu aliuliza kama aukate ukimya ule ili faili iwe fupi. Nilimwambia auache.